Wenye Mchezo Ni Nani? Waundaji wa Michezo ya Video na Mashabiki Wao

Mchezo wa video ni kazi ya sanaa isiyokamilika mpaka ipate mtu wa kuicheza. Riwaya ikishachapwa hubaki ilivyo hata isipopata msomaji, na filamu huenda hadi mwisho hata kama ukumbi ni mtupu, lakini mchezo husimama palepale mchezaji anapoacha kuucheza. Juu ya hali hiyo ya asili, intaneti imeongeza nyingine iliyo nzito zaidi, kwamba mchezo uliokwisha kuuzwa huendelea kuwa chini ya mamlaka ya aliyeuuza, ambaye anaweza kuurekebisha kila wiki, kuuongezea sura mpya, kubadilisha kanuni zake au kuuzima kabisa. Mchezaji naye, akiwa amekaa ndani yake miaka na kujenga urafiki humo, huanza kujiona mwenyeji na si mteja tu. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo limeisumbua tasnia hii kwa zaidi ya miaka thelathini: kati ya waliouunda mchezo na wanaoupa uhai kila siku, ni nani mwenye neno la mwisho?

Katika uchambuzi huu, waundaji ni wale wote wanaoutengeneza mchezo, yaani waandishi wa programu, wachoraji, watunzi wa hadithi na wasanifu wa kanuni zake, nao hutofautishwa na wachapishaji, ambao ni kampuni zinazotoa mtaji, kutangaza na kuuza. Shabiki si kila anayecheza. Ni yule anayetoa muda, maarifa na fedha kupita kiasi ambacho mchezo wenyewe unadai, kwa kuwafundisha wageni, kuandika miongozo, kugundua kasoro, kubuni nyongeza na kubishana kuhusu mwelekeo wa kazi anayoipenda. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mgogoro baina ya pande hizi hauletwi na wingi wa mapenzi ya mashabiki, kama inavyodaiwa mara nyingi, bali huletwa na kule mchango wao kuwa mkubwa ilhali nafasi yao haijaandikwa popote. Na kwamba pale nafasi hiyo ilipowekewa utaratibu, mapenzi hayohayo yamekuwa nguzo ya kazi.

Shabiki kama mzalishaji

Mwaka 1993 kampuni ndogo ya Marekani iitwayo id Software ilitoa mchezo wa Doom, ambao waundaji wake, wakiwemo John Carmack na John Romero, waliugawa sehemu mbili: injini, yaani programu inayouendesha mchezo, na mafaili yanayobeba picha, sauti na ramani. Uamuzi huo ulikuwa wa kiufundi, lakini matokeo yake yalikuwa ya kijamii, kwa kuwa mtu mwenye ujuzi wa wastani aliweza kubuni ramani mpya bila kuigusa injini wala kuharibu nakala aliyoinunua. Hivyo ulistawi utamaduni wa modi, jina linalotumika kwa marekebisho na nyongeza zinazotengenezwa na watu walio nje ya kampuni, na mwaka 1997 id Software ilikwenda mbali zaidi ilipoutoa hadharani msimbo wa injini yenyewe. Doom unachezwa na kuongezewa ramani hadi leo, na sababu kubwa ni mlango ule uliofunguliwa mapema.

Faida ya mlango huo ilionekana wazi muda mfupi baadaye. Mwaka 1999 vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, walitoa Counter-Strike ikiwa modi ya mchezo wa Half-Life wa kampuni ya Valve, na kampuni hiyo, badala ya kuwazuia, iliwaajiri, ikanunua haki za kazi yao na kuiuza kama mchezo kamili mwaka 2000. Vivyo hivyo, ramani iliyotengenezwa na mashabiki wa Warcraft III, mchezo uliotolewa na Blizzard mwaka 2002, ilizaa Defense of the Ancients, au kwa kifupi Dota, ambayo nayo ilizaa aina nzima ya michezo ya timu mbili zinazopigania ngome, ikiwemo League of Legends ya mwaka 2009 na Dota 2 ya mwaka 2013. Michezo hii ndiyo inayojaza viwanja katika mashindano makubwa ya kimataifa, na chimbuko lake ni mikono ya watu ambao hawakuwa wameajiriwa na yeyote.

Mtafiti Julian Kücklich aliichambua hali hii mwaka 2005 akionyesha kwamba modi ni kazi iliyovaa sura ya mchezo: kampuni hupata bidhaa mpya, matangazo na umri mrefu wa mauzo, ilhali mtengenezaji, kwa sababu anafurahia anachofanya, hahesabiwi kuwa mfanyakazi. Hoja hiyo imepata nguvu kadiri kampuni zilivyojifunza kutokana na kilichoziponyoka. Blizzard, ambayo iligombana na Valve kuhusu jina la Dota hadi walipopatana mwaka 2012, ilipotoa toleo jipya la Warcraft III mwaka 2020 iliweka masharti kwamba kila mchezo utakaotengenezwa kwa zana zake utakuwa mali yake. Kisheria sharti hilo linaeleweka. Lakini kwa shabiki mwenye kipaji lina maana kwamba wazo lake bora halina sababu ya kuzaliwa ndani ya mchezo huo.

Wala si kweli kwamba dawa ni fedha pekee. Aprili 2015 Valve na Bethesda, kampuni yenye mchezo wa Skyrim, waliruhusu modi za mchezo huo ziuzwe, mtengenezaji akibaki na asilimia 25 ya bei, na mpango huo uliondolewa baada ya siku chache kutokana na upinzani wa mashabiki wenyewe. Upinzani huo ulikuwa na mantiki, kwa kuwa modi nyingi hujengwa juu ya vipande vilivyotolewa bure na watu wengine, hivyo kumlipa mmoja bila kuamua haki ya aliyemtangulia kuliigeuza jamii ya kupeana kuwa jamii ya kushtakiana. Kilichokosekana kilikuwa makubaliano ya nani amempa nani nini, na makubaliano hayo yalipaswa kutangulia bei.

Kampuni za Japani zinatoa mfano mwingine wa kulinganisha. Agosti 2016 shabiki wa Metroid, mfululizo wa michezo ya Nintendo, alitoa bure toleo lililoundwa upya la mchezo wake mmoja wa mwaka 1991, kazi iliyomchukua karibu muongo mzima, na Nintendo, ikitumia haki yake ya hakimiliki, ilitaka liondolewe mara moja. Mwaka mmoja baadaye Sega ilitoa Sonic Mania, mchezo ulioundwa kwa sehemu kubwa na watu waliojipatia jina kwa kutengeneza kazi za kishabiki za Sonic, akiwemo Christian Whitehead, na ukapokelewa kwa sifa kubwa. Sheria iko upande wa kampuni zote mbili. Tofauti ni kwamba moja ilimwona shabiki kuwa mvamizi na nyingine ikamwona kuwa fundi aliyejifunza kazi bila kulipiwa ada.

Afrika Mashariki inaingia katika habari hii kwa mlango huohuo. Mchezo wa simu uitwao Bus Simulator Indonesia, ambao waundaji wake waliruhusu watu kuweka magari na rangi zao, umejazwa na vijana wa ukanda huu mabasi ya mikoani ya Tanzania na matatu za Kenya, kama vile michezo ya kandanda ilivyovalishwa jezi za Simba na Yanga na wapenzi ambao hakuna kampuni iliyowatuma. Soko halijawahi kuiona biashara ya kutosha katika barabara ya Morogoro, lakini mashabiki wameiweka humo, na kwa kufanya hivyo wameufikisha mchezo wa Kiindonesia mahali ambapo matangazo yasingeufikisha.

Fedha zinazotangulia mchezo

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa kawaida shabiki alilipa baada ya kazi kukamilika. Februari 2012 studio ya Double Fine ya San Francisco, chini ya Tim Schafer, iliwaomba watu dola 400,000 kupitia Kickstarter, ambalo ni jukwaa la uchangishaji mtandaoni, ikapata zaidi ya dola milioni 3.3 kutoka kwa wachangiaji zaidi ya 87,000. Mchezo uliotokana na fedha hizo, Broken Age, ulilazimika kutoka vipande viwili, mwaka 2014 na 2015, kwa sababu fedha zilipoongezeka mipango nayo ilitanuka. Katika mwaka huohuo wa 2012 ulianza uchangishaji wa Star Citizen, ambao umekusanya zaidi ya dola milioni 700 bila toleo lake kamili kutoka. Mchangiaji wa namna hii yuko mahali pagumu: si mwanahisa, maana hapati gawio wala kura, na si mnunuzi wa kawaida, maana alicholipia hakijakuwepo. Ameununua mradi kwa imani, na imani haina risiti.

Njia ya pili ni uuzaji wa mapema, ambapo mchezo huuzwa kukiwa na tamko la wazi kwamba haujakamilika, ili wachezaji wautumie na kueleza kasoro zake. Larian, studio ya mji wa Ghent nchini Ubelgiji, iliiuza sehemu ya kwanza ya Baldur's Gate 3 kwa njia hiyo kuanzia Oktoba 2020, ikaifanyia kazi kwa karibu miaka mitatu huku ikipokea maoni ya wachezaji, na toleo kamili la Agosti 2023 likawa miongoni mwa michezo iliyosifiwa zaidi katika muongo huu. Uzito wa mfano huo uko katika lile tamko: kila aliyelipa alijua analipia nini.

Mahali ambapo tamko halikuwepo, mambo yalikwenda vingine. Hello Games, studio ndogo ya Guildford nchini Uingereza, ilitoa No Man's Sky mwezi Agosti 2016 baada ya mwanzilishi wake, Sean Murray, kuuelezea kwa namna iliyowafanya watu wategemee mambo ambayo hayakuwemo, likiwemo la wachezaji kukutana na kuonana. Hasira ilikuwa kubwa, na studio ikanyamaza. Lakini katika ukimya huo ilifanya kazi, ikatoa nyongeza ya kwanza kubwa Novemba 2016 na ile iliyowezesha wachezaji kucheza pamoja Julai 2018, zote bure, hadi sifa yake ikarudi. CD Projekt Red ya Poland ilipitia njia inayofanana na hiyo baada ya Cyberpunk 2077 kutoka Desemba 2020 ukiwa na kasoro nyingi kiasi kwamba Sony iliuondoa katika duka lake hadi Juni 2021. Visa hivi vinastahili kusomwa kwa pande zote mbili. Vinaonyesha kwamba kazi hurudisha imani kuliko maneno. Lakini vinaweza pia kuifunza tasnia somo baya, kwamba mchezo mbovu unaweza kuuzwa leo na kutengenezwa kesho, gharama ya subira ikibebwa na yule aliyeupenda zaidi, kwani ndiye aliyenunua siku ya kwanza.

Sauti, hasira na maana yake

Mwanauchumi Albert Hirschman alieleza mwaka 1970 kwamba mtu asiyeridhika na shirika ana njia mbili: kuondoka au kupaza sauti, na kwamba uaminifu ndio unaomchelewesha kuondoka na kumfanya aseme. Nadharia hiyo inaeleza jambo ambalo waundaji wengi huliona kama kitendawili, kwamba wanaolalamika kwa nguvu zaidi mara nyingi ndio waliocheza kwa saa nyingi zaidi. Asiyejali huondoka bila kuaga. Anayejali hubaki na kudai, na dai lake, hata likiwa kali, ni dalili kwamba uhusiano bado upo.

Madai hayo hata hivyo hayalingani. Machi 2012 mashabiki wa Mass Effect 3 walipoukataa mwisho wa hadithi hiyo, baadhi yao waliendesha kampeni iliyochangisha zaidi ya dola 80,000 kwa shirika la hisani la watoto wagonjwa ili kuonyesha kwamba hawakuwa wahuni, na mwezi Juni BioWare, studio iliyouunda mchezo huo, ikatoa bure nyongeza iliyofafanua mwisho uleule. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa ushindi wa umma, na wapo waliouona kuwa sanaa imesalimu amri. Lililo karibu na haki ni kutofautisha ahadi na ladha: mtunzi ana wajibu wa kutimiza alichoahidi, lakini hana wajibu wa kumaliza hadithi yake kama msomaji alivyotamani.

Mwaka 2017 suala lilikuwa la aina nyingine. Star Wars Battlefront II wa Electronic Arts ulitegemea visanduku vya bahati, yaani zawadi zilizofichwa ambazo mchezaji huzinunua bila kujua atapata nini, na vitu vilivyomo vilimpa aliyelipa nguvu dhidi ya asiyelipa. Kampuni ilizima mauzo hayo mkesha wa uzinduzi wa Novemba, na Aprili 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba visanduku vya namna hiyo katika michezo kadhaa vinakiuka sheria za kamari. Hapa mashabiki waliona mapema kuliko serikali, na kelele zao zilikuwa huduma kwa umma.

Mei 2024 wachezaji wa Helldivers 2, mchezo wa studio ya Arrowhead ya Sweden, waliagizwa na mchapishaji, Sony, kuunganisha akaunti zao za kompyuta na mtandao wa PlayStation, ingawa mtandao huo haukuwa ukitoa huduma rasmi katika nchi nyingi za dunia, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda. Wachezaji walimimina hakiki mbaya zaidi ya 200,000 katika duka la Steam, na agizo likafutwa baada ya siku chache. Kisa hiki kinafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba hakiki hizo ziliishukia studio ambayo haikuwa na mamlaka ya mwisho juu ya agizo lenyewe. La pili, ambalo lilizungumzwa kidogo, ni kwamba mchezo uliendelea kwa muda mrefu kuzuiwa kuuzwa katika nchi nyingi zilizokosa huduma hiyo, kwa maana kwamba mashabiki wenye wingi walipata walichotaka, na wale wa pembezoni, waliotajwa kama ushahidi katika mabishano, wakasahaulika hoja ilipokwisha.

Mpaka usiovukwa

Upo upande wa mapenzi haya ambao hauna utetezi. Sean Murray alipotangaza Mei 2016 kwamba mchezo wake ungechelewa wiki chache, alitishiwa kuuawa. Laura Bailey, mwigizaji wa sauti katika The Last of Us Part II wa mwaka 2020, alitishiwa vivyo hivyo kwa matendo ya mhusika aliyemwigiza. Kampeni ya unyanyasaji iliyoanza Agosti 2014 na kujulikana kama Gamergate iliwalazimisha wanawake kadhaa katika tasnia hii kuyahama makazi yao. Kuyaita mambo haya hasira ya mashabiki ni kuyapa heshima yasiyostahili; ni uhalifu, na wahanga wake wamekuwa mara nyingi wanawake na wafanyakazi wa ngazi za chini.

Chanzo kimoja cha hali hiyo ni kile ambacho Donald Horton na Richard Wohl walikieleza mwaka 1956 walipochunguza televisheni, kwamba mtazamaji hujenga hisia za ukaribu na mtu anayemwona kila siku ilhali mtu huyo hamjui. Studio nyingi zimeukuza ukaribu huo makusudi, kwa kuwatanguliza waundaji wao mbele ya kamera na kuwataka wazungumze na mashabiki kama marafiki, kisha zikawaacha peke yao upepo ulipogeuka. Mwaka 2018 studio ya ArenaNet iliwafukuza kazi waandishi wawili baada ya majibizano yao na wachezaji katika kurasa zao binafsi, na watu wengi katika tasnia walijifunza kwamba mfanyakazi anaweza kutumiwa kama uso wa kampuni bila kupewa kinga yake. Heshima kwa mashabiki haiwezi kujengwa juu ya mgongo wa mwajiriwa. Mwenye mamlaka ya kuamua ndiye anayepaswa kujibu.

Kutoka ushabiki hadi uanachama

Wafuatiliaji wa kandanda la Tanzania wanaijua vema tofauti ya shabiki na mwanachama: wote hushangilia na kulia kwa Simba au Yanga, lakini mwanachama ana kadi, huhudhuria mkutano mkuu na hupiga kura. Tasnia ya michezo ya video imejaa mashabiki na ina wanachama wachache mno, na ile michezo michache iliyothubutu kuwapa wachezaji uanachama wa namna fulani inastahili kuangaliwa kwa makini.

EVE Online, mchezo wa anga uliozinduliwa na kampuni ya CCP ya Iceland mwaka 2003, ulitikiswa na kashfa ya mwaka 2007 ilipobainika kwamba mfanyakazi mmoja alikipendelea kikundi chake ndani ya mchezo. Jibu la kampuni lilikuwa kuanzisha baraza la wachezaji, ambalo tangu mwaka 2008 huchaguliwa kwa kura na kuonyeshwa mipango ya ndani chini ya sharti la usiri. Majira ya joto ya mwaka 2011, wachezaji walipoandamana ndani ya mchezo kupinga bidhaa za bei kubwa, baraza liliitwa Reykjavik kwa mazungumzo ya dharura, na baadaye mkuu wa kampuni aliomba radhi na kubadili mwelekeo. Jagex ya Cambridge ilikwenda mbali zaidi mwaka 2013: ilifungua Old School RuneScape baada ya kura ya wachezaji, kisha ikaweka kanuni kwamba nyongeza kubwa haziingii bila kuungwa mkono na asilimia 75 ya wapiga kura, kiwango kilichoshushwa baadaye hadi 70.

Mfano wa kinyume ni Blizzard. Mwaka 2013 mmoja wa viongozi wake alimjibu mchezaji aliyeomba toleo la zamani la World of Warcraft kwamba wachezaji hawakitaki kweli kile wanachodhani wanakitaka. Ilihitajika seva ya kishabiki, yaani mtambo wa mtandaoni ulioendesha toleo hilo la zamani bila idhini, iliyofungwa mwaka 2016, pamoja na waraka wa maombi uliotiwa saini na zaidi ya watu 200,000, ndipo toleo hilo litangazwe mwaka 2017 na kutolewa mwaka 2019, likapokelewa kwa wingi mkubwa. Miaka sita ilipotea kwa sababu hapakuwa na njia ya kupima dai zaidi ya ukubwa wa kelele.

Taratibu hizi zina kasoro zake. Kura huwapa nguvu waliomo na kuwanyima wale ambao bado hawajaingia, hivyo inaweza kuufanya mchezo uogope jambo lolote jipya; na baraza linaweza kutekwa na vikundi vilivyojipanga vizuri. Lakini kasoro hizo zinajulikana na zinajadilika, kama zilivyo za mabunge, ilhali katika hali ya kutokuwa na utaratibu mshindi ni yule mwenye sauti kubwa na haya kidogo.

Mchezo unapozimwa

Swali la nani mwenye mchezo hufikia ukali wake siku seva inapozimwa. Machi 2024 Ubisoft iliufunga The Crew, mchezo wa magari wa mwaka 2014 uliotegemea seva hata kwa aliyecheza peke yake, na nakala zilizonunuliwa zikawa hazina kazi. Kampeni iliyofuata, Stop Killing Games, ilipeleka dai lake katika Umoja wa Ulaya kupitia utaratibu wa maombi ya raia, na Julai 2025 ilivuka saini milioni moja zinazohitajika. Jimbo la California nalo lilipitisha mwaka 2024 sheria inayowataka wauzaji waeleze wazi pale mnunuzi anapopewa leseni badala ya umiliki. Hatua hizi ni muhimu kwa sababu zinaliondoa suala katika huruma ya kampuni na kuliweka katika haki ya raia.

Yaliyochambuliwa hapa yanaelekeza kwenye makubaliano yenye nguzo nne. Ya kwanza ni ukweli wa mauzo, kwamba kinachouzwa kielezwe kilivyo siku ya kuuzwa. Ya pili ni hadhi ya kazi ya mashabiki, yaani masharti yanayomwachia mtengenezaji wa modi jina lake na sehemu ya thamani aliyoizalisha. Ya tatu ni sauti iliyopangwa, ambamo hata mchezaji wa Mombasa au Mwanza anahesabiwa kabla uamuzi haujafanywa, na ambamo wafanyakazi wanalindwa dhidi ya vitisho. Ya nne ni wajibu wa mwisho, kwamba mchezo uliouzwa uachwe katika hali ya kuchezeka hata kampuni inapojitoa. Hakuna katika hayo kinachompokonya muundaji uhuru wa kutunga, kwani uhuru wa sanaa haukuwahi kuwa uhuru wa kumdanganya mnunuzi au kumtumikisha mpenzi wa kazi yako. Mashabiki wameijenga tasnia hii kwa mikono, fedha na subira yao. Wanachostahili sasa ni nafasi iliyoandikwa, yenye haki na wajibu unaojulikana kwa pande zote.